Kinini Mbele, Chakula Nyuma

Siku bibi yangu aliniuliza mimi ni muntu wa wapi, tulikuwa tumeoana tangu zamani, na watoto wetu walikuwa na watoto. Nataka niseme ile habari vile ilikuwa, juu watu wameisimulia namna mingi hapa kwetu, na wengine wanaongeza chumvi. Mimi ni muntu wa jembe. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu, mwalimu alipohama na hakuna mwingine aliyekuja, basi muntu akiona naruka huku na kule anivumilie.

Tunakaa ku kilima, upande wa Bihambwe. Maharagi, viazi, mahindi, na ngombe kwa mwenye bahati. Ngombe yetu ya mwisho ilikuwa na tabia ya kulala katikati ya barabara, camion inapiga honi na yenyewe inatafuna tu, dereva anashuka kuja kuisukuma kwa mabega. Lakini hiyo si habari ya leo.

Ugonjwa wa sukari ulimuanza bibi yangu kwa kiu. Alikuwa anarudi ku shamba, anainamia bidon ya maji kama vile alitoka mu moto. Alikonda, macho ikawa na ukungu. Ku kituo cha afya walimutobola kidole, wakatia damu mu mashini, muganga akatikisa kichwa. Akamupa kinini, dawa ya kumeza, akamwambia: "Mama, kila asubui unakunywa hii mbele ya chakula. Na sukari unaacha."

Basi akaishika hiyo neno kama amri ya Mungu. Asubui sungu ya viazi, ile chungu yetu nyeusi, inashuka ku jiko, yeye anameza kinini, anakaa, anakula. Kati ya kinini na kiazi ya kwanza hata kuku haikuwa na nafasi ya kupita. Na sukari, kilima yote ilimulinda. Akionekana na ndizi ya kuiva ku mukono, jirani mwanamuke alikuwa anapiga kelele toka ngambo ya bonde: "Eee Mama! Unataka kutuachia huyu muzee nani atamupikia?" Muwa alisahau utamu yake. Chai alikunywa kavu, anakunja uso kama mutoto anayekunywa dawa ya minyoo. Sisi wote tulijua sukari ni adui. Kwamba inaweza pia kukosekana mu damu, na ikikosekana muntu anapotea, hiyo hatukuisikia. Labda muganga aliisema, na sisi tulishika ile nusu yenye ilituogopesha.

Sasa niseme juu ya binti yetu na mukwe, juu bila wao hakuna habari.

Mukwe wetu ni muchuuzi, mukatoliki wa upande wa Butembo. Alikuja kwetu na camion ya chumvi na sabuni, ikavunjika pale chini ya shamba yetu. Kipande ya kutengeneza ilipaswa kutoka Goma, na ile wakati barabara ya Mubambiro askari walikuwa wengi kuliko abiria, basi kipande ilikawia. Ilipofika, mukwe alikuwa amejua hata jina ya mbuzi zetu, na ya binti yetu aliijua mbele ya zote. Mimi nasema camion ilivunjika. Bibi yangu anasema aliivunja.

Walioana kanisani, wakaenda kukaa Mpofi, kule Walikale, mu pori. Alifungua duka mu chumba ya mbele ya nyumba, wao wanakaa nyuma. Muntu muzuri. Mikono yake haikai bure, na kinywa yake haisemi mubaya ya muntu.

Lakini siku ya harusi alifanya kitu. Alimukaribia mama mukwe, mikono wazi, anataka kumukumbatia! Bibi yangu alitoroka, akazunguka nyumba, na umri ile yote, viatu ku mukono. Watu walicheka mupaka wengine wakakaa chini. Juu mu jamaa yetu mama hakaribiani na mukwe hivyo. Anamusalimia kutoka mbali, macho chini. Hamugusi. Na kubwa kuliko yote, hakuli mbele yake. Mukwe asione mama mukwe anatafuna, hiyo ni haya kuliko kutembea uchi ku soko. Hakuna aliyeniambia juu ya nini. Mama yangu alifanya, nyanya yangu alifanya, na bibi yangu alitoka mu jamaa yenye kushika hiyo kwa nguvu zaidi. Mukwe tulimueleza siku ile mambo ya kukumbatia. Ya kula hatukumueleza. Nani angefikiri? Binti ameolewa mbali, mama atakula wapi mbele yake?

Binti yetu akazaa mutoto wa mwisho kwa kupasuliwa. Kwa desturi angekuja kwetu mama yake amutunze, amupikie uji, amukande tumbo na maji ya moto. Lakini docta alimukataza kupanda moto, zile pikipiki za barabara yetu. Basi bibi yangu njo alikwenda. Alifunga kinini zake ndani ya kitambaa, akaniachia maneno mingi juu ya kuku, akapanda nyuma ya moto, hakugeuka kuniangalia. Hiyo ni kawaida yake. Akigeuka analia.

Mwezi haikuisha, telefone ikalia. Ilikuwa binti.

"Papa, Mama anabadilika."

"Anabadilika namna gani?"

"Asubui anakuwa muntu mwingine. Anatoka jasho, anakasirika bure, anaita vitu majina yenye si yake. Juzi alijifunga kitambaa ya pagne ku mugongo, anaimba, anazunguka kiwanja, anabembeleza mutoto. Kumbe alibeba mufuko ya chumvi ya duka, Papa. Mutoto alibaki ku kitanda."

Nikauliza: "Na jioni?"

"Jioni anakuwa Mama." Akashusha sauti. "Papa, usikasirike. Mutoto simuachii tena. Anamuomba na mimi namunyima. Leo alilia."

Niliweka telefone chini, nikakaa. Bibi yangu alilea watoto wa tumbo yake, wa ndugu yake, na wa majirani waliokimbia vita wakapita hapa kwetu. Kumunyima mutoto mikononi, ilikuwa kama kuniambia mimi: muzee, usiguse tena udongo.

Watoto wetu wanaume wakakutana pa nyumba. Wa kwanza, yeye njo anasema kama mukubwa wa wote, alisema: "Papa, kichwa ya Mama imeisha. Tukubali. Tumurudishe, akae kwangu mu chumba ya nyuma, asiende tena ku shamba, asiwashe moto." Jirani wa ngambo ya bonde alisema ni sumu, kwamba kule pori watu wanatega. Mwingine akasema afanyiwe maombi ya kufunga chakula. Mungu anisamehe, ile ya kufunga chakula nilikuwa nimeipenda! Tungemumaliza.

Mimi moyoni nilikuwa upande wa mutoto wa kwanza. Mama yangu alikufa akiniita jina ya baba yake. Nilifikiri ni wakati, basi. Lakini neno moja ilinisumbua: asubui kichwa inapotea, jioni inarudi. Kichwa ya mama yangu, kwa uzee, haikuwa inarudi jioni. Ilikwenda tu.

Nikaenda Mpofi.

Ile barabara muntu akitaka kuijua, aipite na mugongo yangu. Kutoka majani ya baridi ya kwetu, unashuka, unashuka, mupaka miti inakufunika na jua inakuwa ya kijani. Nilivaa koti yangu ya sufu, juu kwetu asubui moshi inatoka mu kinywa. Tulipofika kule chini, jasho ilikuwa inaingia hata mu viatu, na dereva wa moto akaniuliza: "Muzee, hiyo koti unakwenda kuiuzia kima?" Nikamwambia kima za huku zina pesa kuliko wewe. Tukacheka, tukaanguka mu matope. Si vibaya sana.

Nilifika mu mangaribi, jua inazama. Bibi yangu alikuwa anakaa ku jiko ya inje, anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliinua kichwa. "Ni nani alikufulia hiyo shati? Kola iko nyeusi kama sungu." Kisha akaniuliza maharagi imeota namna gani, kuku ya madoa imetotoa, na mutoto fulani wa jirani amepona kikohozi. Hakusahau kitu. Nilimuangalia binti yetu juu ya kichwa ya mama yake. Namuuliza kwa macho: huyu njo mugonjwa?

Akaninongoneza mulangoni: "Ngoja asubui, Papa."

Asubui nikaona. Na nataka niseme vile nilivyoona, juu mimi mwenyewe nilikuwa na macho na sikuona kitu.

Bibi yangu aliamka mbele ya wote, akafagia, akaomba, akafungua kitambaa yake, akameza kinini. Mbele ya chakula, kama muganga alivyosema. Kisha mukwe akaingia mu salon, amevaa shati safi, akakaa ku kiti kando ya mulango. Binti akaleta chakula: bugali ya moto, sombe na mafuta ya mawese, nyama ya mbuzi, na kwa mama peke yake samaki. Akafunika yote na kitambaa. Hakuna sukari, hakuna ndizi. Mukwe alikuwa amehamisha hata mufuko ya sukari ya duka kwa jirani, juu mama asiguse. Duka haina sukari! Wateja walimucheka, yeye alisema tu: "Mama iko kwangu."

Bibi yangu alikaa ku mukeka, uso ku ukuta, pagne juu ya kichwa. Mukwe akasema kwa upole: "Mama, karibu ukule."

"Asante, mwanangu. Nitakula."

Tukakaa. Mukwe aliniuliza habari za barabara, nikamujibu. Aliuliza bei ya viazi. Nikamujibu hiyo nayo. Wateja walikuwa wanapiga duka inje, kong kong kong, yeye haondoki. "Mama, chakula inapoa."

"Nitakula, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimekula kipande yangu mapema kule jikoni, na nilikuwa naona kila kitu iko sawa. Mama anageukia ukuta, ni adabu. Mukwe anamungojea, ni adabu. Nilikuwa hata na kiburi kidogo moyoni, nasema binti yetu aliolewa vizuri.

Jua ikapanda. Nikaona shingo ya bibi yangu inangaa. Jasho. Mikono yake ikaanza kucheza juu ya pagne, kama muntu anayetafuta sindano. Nikamuita: "Mama wa watoto?" Akageuka. Macho yake ilinipita. Iliangalia mahali nyuma ya kichwa yangu, kisha ikarudi ikanikuta, na akaniuliza, kwa heshima, vile wanauliza mugeni:

"Papa, wewe ni muntu wa wapi?"

Muntu anaulizwa hiyo na askari ku barrière ya barabara, anaulizwa na wageni. Nikasema: "Niko wa Bihambwe." Akaitika kwa kichwa. "Ah. Kule nilikuwa na bwana." Akataka kusimama, akaanguka pembeni ya mukeka, na chakula ikamwangika.

Sasa hapa mukwe alifanya kitu yenye sitasahau. Alisimama, akaruka juu ya sahani, akamubeba mama mukwe wake kwa mikono yake miwili kama vile wanabeba bibi arusi, na akatoka mbio. Alimugusa. Mimi nyuma, na koti yangu ku mukono, sijui niliichukua ya nini. Binti nyuma yangu, anashika tumbo ku kovu. Watu wa soko walitufungulia njia.

Muganga wa kituo cha afya ya pale ni mwanamuke, kijana, sauti kubwa. Alimutobola kidole, akaangalia mashini, akapaza: "Leteni maji na sukari! Haraka!"

Binti yetu akamushika mukono. "Dada, hapana! Sukari hapana, yeye iko na ugonjwa wa sukari!"

"Njo sababu namupa."

"Utamuua!"

"Mama, achia mukono yangu. Sukari imeisha mu damu ya mama yako. Imeisha! Kichwa inakula sukari, kama moto inavyokula kuni. Hapa hakuna kuni." Akamuinua bibi yangu, akamuita kwa nguvu, akaangalia kwanza kama anaweza kumeza. Aliweza. Akamunywesha kidogo kidogo.

Tukasimama pale tunaangalia ile kikombe kama vile ni sumu inaingia. Mukwe alikuwa anasali. Na polepole, kama muntu anayetoka mu maji, bibi yangu alirudi. Jasho ikakauka. Akalamba midomo. Na neno ya kwanza alisema:

"Nani amenitia utamu mu kinywa? Munataka kuniua?"

Muganga akacheka, sisi wote tukacheka, binti akalia. Kisha muganga akauliza: "Mama, kinini ulikunywa saa ngapi?"

"Asubui mapema."

"Na ulikula saa ngapi?"

Bibi yangu aliangalia chini, kisha akatupa jicho kidogo ku mulango, mahali mukwe alikuwa anasimama. Mukwe akajibu mahali yake: "Hajakula, docta. Kila siku namukalisha, namubembeleza, nakaa naye mupaka mchana, hakuli. Nikienda kuchukua bidhaa njo wananiambia amekula."

Muganga hakuwa mujinga. Akamwambia mukwe: "Papa, nenda inje kidogo." Alipotoka, akarudia: "Mama, juu ya nini hukuli?"

Na bibi yangu, na hasira ya kweli, sauti yake mwenyewe, ile ya ngambo ya bonde: "Nikule namna gani? Ule muntu anakaa pale, ananiangalia! Anaondoka lini? Kila asubui namungojea aondoke, na yeye ananingojea mimi! Duka yake inalia, haendi! Nimefikiri labda kwao wanafanya hivyo juu ya kuona kama mama mukwe iko na haya!"

Nilikaa chini ku sakafu. Binti yetu alifunika uso. Kumbe sisi wote tulikuwa tunakula mu ile nyumba na hakuna aliyeona. Mama anameza dawa yenye kushusha sukari, kisha anangojea kwa heshima. Mukwe anaona mama hakuli, anasema hajisikii nyumbani, anaongeza kukaa. Yeye anaongeza heshima, huyu anaongeza njaa. Na siku zote hizo dawa haingojei muntu, haina mukwe.

Nilitoka inje kumuambia. Alikuwa anakaa ku jiwe, kichwa chini.

"Papa, ni mimi nilimugonjesha?"

"Hapana, mwanangu. Ni sisi. Hatukukuambia."

Nikamueleza ile desturi ya kula. Alinisikiliza, kinywa wazi. "Papa, kwetu mugeni mukubwa kama mama mukwe ukimuacha akule peke yake, watu wanasema umemutupa kama mbwa. Nilikuwa nafunga duka juu yake!"

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Uondoke asubui. Na uondoke kwa kelele, asikie."

Akaangalia chini, mabega ikaanza kutikisika. Nilifikiri analia, kumbe anacheka. Tukacheka wawili pale ku jiwe, mupaka muganga akachungulia dirisha kuona kama na sisi sukari imeanguka.

Muganga alimubakisha bibi yangu ile siku nzima, anakula na anatobolewa, juu alisema hii kinini iko na mukia murefu, inaweza kumurudisha chini tena. Alimupunguzia dawa. Akatupanga sisi wote ku benchi kama wanafunzi. Chakula ikiwa mbele ya macho, njo kinini. Hakuna chakula, hakuna kinini. Jasho, kutetemeka, hasira bila sababu, maneno ya kupotea: sukari mu kinywa, kama anaweza kumeza, kisha chakula, kisha hospitali. Sukari kidogo ikae mu mufuko yake siku zote.

Nikamuuliza ile yenye ilinileta. "Docta, kichwa yake itarudi?"

Hakunidanganya, namushukuru mupaka leo. Alisema: "Papa, mingi itarudi. Yote, sijui. Sukari ikianguka mara na mara, kichwa inachoka, zaidi kwa muzee. Na kichwa ya kuchoka inasahau: muntu anasahau kula, ao anasahau kama amemeza dawa, anameza tena, sukari inaanguka tena. Moja inavuta ingine. Labda pia uzee ilikuwa imeanza peke yake. Hakuna mashini hapa ya kuniambia. Mumuangalie, na musimuachie dawa peke yake."

Basi tukafanya. Kila asubui mukwe alikuwa anachukua kofia, anakohoa, anasema kwa sauti kama ya muntu anayeuza samaki: "Mama, mimi nakwenda! Nakwenda dukani! Sirudi karibu!" na anapiga mulango mupaka vumbi inaanguka ku dari. Watoto wake wakaanza kumuiga. Ndani bibi yangu anageuka kutoka ku ukuta, anafunua chakula, anakula, na mimi namutolea kinini.

Asubui ikawa yake tena. Siku moja binti alitoka ku kuoga, akakuta mama yake anakaa ku jua, mikono mitupu, anaangalia tu mutoto pale ku mukeka. Haombi. Alikuwa ameacha kuomba. Binti alisimama pale na maji inamuteremka ku mabega. Kisha akainama, akamuinua mutoto, akamuweka mu mikono ya mama yake, na akakaa kando. Hakuondoka, lakini alimuweka. Bibi yangu alimunusa kichwa. Alimuita jina yake, ile ya kweli.

Nitasema sasa vile tunaishi, juu sitaki muntu afikiri ile kikombe ya maji na sukari ilimaliza yote. Tulirudi ku kilima. Mutoto wetu wa kwanza hakupata mama wa kuweka mu chumba ya nyuma. Mama yao analima. Lakini vitu vingine vilibaki kule, sijui wapi. Zamani alikuwa anajua mbegu ya kila shamba ya jirani, nani alipanda nini na mwaka gani, watu walikuja kumuuliza. Sasa anaanza, anasimama katikati, anasema "ile... ile..." na anaudhika. Maharagi alipanda mara mbili mahali pamoja, ikaota kama manyoya. Majina ya watoto wetu anayo yote, lakini wajukuu wanamuchanganya, na wale wenye kuolewa mu jamaa wanamuponyoka. Siku nzuri, siku mbaya. Dawa ninaishika mimi. Hapendi. Ananiambia: "Umekuwa bwana-dawa." Namwambia: kula. Ananiambia: kula wewe kwanza. Basi nakula naye, hata bila njaa, nimenenepa mu uzee.

Msimu ya viazi iliyopita, mukwe alikuja kutusalimia, na binti, na ule mutoto, sasa anatembea na anavunja vyombo. Walifika wakati wa chakula. Nilitoka kuwapokea, nikamuambia mukwe kwa sauti chini angoje kidogo inje, mama anakula, amemeza kinini sasa hivi. Akarudi nyuma haraka, kofia ku mukono. Lakini mulango ilikuwa wazi, na sauti ikatoka ndani.

"Ni nani anasimama pale ku jua?"

"Ni mukwe," nikasema.

"Aingie."

Nikaangalia mukwe, yeye akaniangalia. Aliingia na macho ku miguu yake, akakaa kando ya mulango, karibu kutoka tena. Bibi yangu alikuwa anatazama mulango, si ukuta. Alichukua kiazi, akaitia mu maharagi, akaitia mu kinywa, akatafuna. Mbele yake. Hakuharakisha.

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilisema: amesahau. Hata hiyo imekwenda, ile ya mama yake na nyanya yake, ile yenye ilikuwa karibu imuue.

Alimeza, akapangusa kinywa na pembe ya pagne, akanitazama mimi. "Wewe unafikiri nimesahau," alisema. "Sijasahau. Huyu alinibeba mbele ya soko yote. Haya gani imebaki kati yetu?"

Mukwe akainua macho kwa mara ya kwanza, akacheka bila sauti, machozi iko karibu. Binti akaweka mutoto chini, na mutoto akakwenda moja kwa moja ku sahani ya nyanya yake.

Bibi yangu akamupa kipande ya kiazi, akaipuliza kwanza. Kisha aliinamia upande wangu, akaninongoneza, lakini ile kunongona ya muntu mwenye masikio ya kuzeeka, watu wote wanasikia:

"Ni muntu muzuri huyu. Alioa nani mu binti zetu?"

Nikamwambia. Akaitika kwa kichwa, akasema alichagua vizuri, na akaendelea kula.